Mwalimu wa mazoezi na sisi tunaopotea hatua

Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo: namna ya kumfundisha mtu mzima kuinua mguu wa kulia wakati wenzake nao wanainua wa kulia. Nawaomba mnivumilie. Kwa sababu ya jambo hilo dogo mimi niliacha mazoezi niliyoamriwa na daktari, na kwa sababu ya jambo hilo hilo dada yangu, aliye mgonjwa kuliko mimi, hajayaacha.

Nianze na aibu yangu. Miaka miwili iliyopita nilipimwa shinikizo la damu, mashine ikasoma 160 kwa 100. Daktari alikuwa kijana sana. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia ni mtangazaji. "Unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku, mzee?" Hilo neno mzee liliniuma kuliko namba za mashine. Akaniandikia dawa, akanikataza chumvi ya mezani, akaniambia nitafute mazoezi ya kutoa jasho, nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Hesabu hiyo hakuibuni yeye. Ndizo zile dakika 150 kwa juma ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima.

Basi nikajiandikisha katika darasa moja la aerobiki hapa jijini. Sitalitaja. Mwalimu alikuwa kijana mwenye mwili uliojengeka, na bila shaka alijua kudansi. Muziki ulipoanza alitugeuzia mgongo, akatazama kioo, akacheza. Alicheza mfululizo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono na miguu, kugeuka na kuruka, kisha akapaza sauti, "Twende sasa!" Waliokuwa mbele walikwenda. Sisi wa nyuma tulikuwa tukienda kulia wao wakirudi kushoto, na mama mmoja mnene niliyekuwa nagongana naye kila dakika aliniomba radhi mara nyingi hata nikaona haya. Juma la pili yule mama hakuja. Juma la tatu bwana mmoja aliyetuambia ana kisukari naye hakuja. Juma la nne sikwenda mimi. Nilipopita pale miezi kadhaa baadaye nikachungulia, nikawaona wamebaki vijana kumi na wachache, wembamba, wenye afya njema. Darasa lilikuwa zuri la kutazama.

Sasa tuangalie jambo hili kwa makini. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Mtu mwenye maradhi hayo ndiye anayeambiwa akafanye mazoezi. Ndiye pia mnene, mzito, mwenye goti bovu, mwenye haya ya kutazamwa. Darasa likiwafukuza hao likabaki na wazima, limefanya kazi gani?

Sikulifikiria swali hilo wakati ule. Wakati ule nilijilaumu mwenyewe, nikasema miguu yangu ni mizito, nikarudi kwenye kiti. Ni dada yangu aliyenifungua macho, tena bila kukusudia.

Dada anaishi Zirai, milimani Usambara, kwetu. Ni fundi cherehani, umri wake miaka 58. Watu wa mjini wakisikia milima hudhani kila mwenyeji wake ana mapafu ya mwanariadha. Ni kweli kwa mwanamke anayepanda na mzigo wa kuni kichwani, au kijana anayelima kwenye mteremko ambao ukidondosha ndoo unaifuata bondeni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari za mazoezi ana haki ya kukucheka. Lakini milimani pia kuna mafundi cherehani, wauza duka, walimu, makarani, na tangu pikipiki za bodaboda zifike, kuna watu wengi ambao zamani walipanda mlima kwa miguu na sasa wanapanda mgongoni mwa kijana. Dada alikuwa mmoja wao. Alipoambiwa ana sukari alikaa nayo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Alikuwa akienda gengeni, mahali ambapo ni kama mita mia tatu tu, anakaa njiani mara mbili.

Nilipokwenda kumsalimu miezi mitatu iliyopita nilifika Ijumaa jioni, nimechoka kwa safari, ukungu umeshuka hata taa ya jirani haionekani. Tulipomaliza kula akaniambia, "Mdogo wangu, ulale mapema. Kesho alfajiri tunakwenda uwanjani." Nikauliza kuna mpira? Akasema, "Hapana, tunakwenda kucheza."

Uwanja wenyewe ni wa shule ya msingi. Katika nchi ya miteremko, mahali tambarare ni mali, na Zirai mahali tambarare pa kutosha watu wengi ni hapo. Anayefundisha ni mwalimu wa shule hiyo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kufika mbali. Alinisimulia kwamba alianza baada ya kusikia habari za ile kampeni ya Desemba 2016, wakati Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchini. Mwalimu akaona Jumamosi moja kwa mwezi haitoshi, akafanya kila Jumamosi, kisha akaongeza Jumatano jioni. Halipwi. Vifaa vyake ni ngoma moja na redio ndogo ya kuchomeka flashi.

Asubuhi ile nilihesabu watu 41, mimi wa 42. Palikuwa na wanafunzi, vijana wa bodaboda, akina mama waliofunga vitenge juu ya suruali, wauguzi wawili, mabibi watatu, na mzee mmoja mwenye fimbo ambaye mguu wake mmoja ni mfupi tangu utotoni. Nikasema moyoni, hapa ndipo tutaona. Kundi lenye mtu wa miaka 14 na mtu wa miaka 70 litafundishwaje hatua moja?

Wasikilizaji, naomba niwaeleze polepole, kwa kuwa jibu lenyewe limo katika upolepole huo.

Kwanza hakutuonyesha dansi yoyote. Alipiga ngoma kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, akasema tutembee papo hapo. Tukatembea. Hakuhesabu, hakusema lolote kwa muda, akatazama miguu yetu tu mpaka miguu 80 na ushei ikawa inatua kwa kishindo kimoja. Kutembea papo hapo anakuita "nyumbani". Akatangaza sheria ya kwanza, na kila Jumamosi huirudia kwa ajili ya wageni: ukipotea, rudi nyumbani. Usisimame, usitoke uwanjani, usitazame chini ukaona haya. Tembea papo hapo, sikiliza ngoma, ukiona wenzako wanaanza upya, ingia.

Mimi niliyekimbia darasa la jijini niliposikia sheria hiyo nilishusha pumzi. Kule nilipopotea hapakuwa na pa kwenda ila mlangoni.

Kisha akatupa hatua ya kwanza, anayoiita "salamu". Unapiga hatua kwenda kando, mguu mwingine unafuata na kugusa chini bila kukanyaga, kisha unarudi upande wa pili vivyo hivyo. Kila hatua na mguso wake ni mapigo mawili. Mara nne ni mapigo manane. Tulirudia salamu mpaka nikaanza kuchoka kwa kuchoshwa, na nadhani vijana walichoka zaidi yangu. Hapo nina neno na Mwalimu, nami nilimwambia: pale mwanzoni anakawia mno, na vijana wawili wa bodaboda waliondoka kwenda kupiga mpira nyuma ya goli. Alikubali. Alisema, "Kaka, nikiharakisha wanaondoka mabibi, nikikawia wanaondoka vijana. Vijana hurudi. Mabibi hawarudi."

Hatua ya pili huiita "mtoni": hatua tatu mbele na kupiga makofi, hatua tatu nyuma na kupiga makofi, jumla mapigo manane. Tulipoijua peke yake, akaiunganisha na ile ya kwanza: salamu, mtoni, salamu, mtoni. Hakuongeza ya tatu mpaka hizo mbili zimeshikana. Ya tatu ni "tuta". Unakwenda kando kwa hatua inayopishana miguu, mguu mmoja ukipita nyuma ya mwenzake, kama mtu anayevuka matuta ya shamba bila kukanyaga mahindi. Wazungu huiita hatua ya mzabibu, lakini Zirai mzabibu nani anaujua? Kwenda mapigo manne, kurudi mapigo manne. Akaifundisha peke yake, kisha akarudi mwanzo: salamu, mtoni, tuta. Ya nne ni "bonde". Mguu wa kulia unakwenda mbele na nje, wa kushoto mbele na nje, kisha wa kulia unarudi, wa kushoto unarudi. Kama ungepaka chokaa kwenye nyayo ungeona umeandika herufi V, nayo herufi V ukiitazama ni bonde kati ya vilima viwili. Bonde moja ni mapigo manne, kwa hiyo hufanywa mara mbili.

Nane mara nne ni 32. Muziki mwingi wa dansi umepangwa kwa mafungu ya mapigo manane, na manne ya hayo hufanya kitu kama ubeti, ndiyo maana walimu wa aerobiki duniani kote hupanga hatua zao kwa hesabu hiyo ya 32. Mfululizo ukiisha na muziki nao unaanza upya, hata asiye na sikio la muziki huhisi kwamba amefika.

Bila shaka msikilizaji mwenye jicho kali atauliza: mbona kila kitu kinaanza na mguu wa kulia? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Hatua zote hizo zikiisha, mguu wa kulia ndio ulio tayari tena, kwa hiyo utacheza saa nzima ukiutanguliza huo huo, na nyonga ya upande mmoja itakuambia kesho yake. Dawa yake ni ndogo. Tulipozoea mabonde mawili, Mwalimu aliliondoa la pili, mahali pake akaweka kutembea papo hapo hatua tatu na kugusa. Tatu ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili, na hiyo inautoa mguu wa kushoto mbele. Mfululizo wote ukarudiwa kwa kushoto bila mtu kuambiwa abadili mguu. Sikutambua kilichotokea mpaka niliposikia kila kitu kimekuwa kigeni ghafula, nikarudi nyumbani kwa mapigo kama kumi na sita. Dada alinipita akielekea mtoni, akacheka kwa sauti.

Sasa nifike kwenye lile nililotaka hasa mlisikie. Watu 42 hawakuwa wakifanya jambo moja. Kwenye tuta, mabibi hawakupishanisha miguu. Walikwenda kando kwa hatua za kawaida, hatua, unganisha, hatua, gusa. Akina mama wengi walipishanisha. Wale vijana wa bodaboda, waliokuwa wamekwisha rudi, walizunguka mzima mzima kama pia. Mzee wa fimbo aliweka fimbo mahali pa mguso. Lakini wote walitumia mapigo manne, na kwenye pigo la nne wote walikuwa wamefika mahali pamoja, wanatazama upande mmoja. Mwalimu hufundisha kwanza umbo jepesi kwa watu wote, kisha humwonyesha anayetaka kuongeza namna ya kuongeza ndani ya mapigo yale yale. Miguu kwanza, mikono baadaye, kuzunguka na kuruka mwisho kabisa, tena kuruka ni hiari. Anayeruka na asiyeruka hawapishani. Kule jijini sisi tulionyeshwa kwanza umbo gumu, kisha tukaachwa kila mtu ajipunguzie mwenyewe gizani.

Tena yeye hutangulia kusema. Ukiambiwa "mtoni" wakati wenzako wako mtoni tayari, umechelewa. Mapigo manne kabla, yeye huhesabu kurudi nyuma: "Nne, tatu, mbili, mtoni!" Kazi hiyo mimi naijua, maana ndani ya studio hatuhesabu kwenda mbele; fundi wa mitambo hukuonyesha vidole vikipungua mpaka taa nyekundu iwake. Ajabu kwamba nimefanya kazi hiyo miaka zaidi ya ishirini na sikuwahi kufikiri kwamba mguu nao una haki ya kupewa taarifa mapema.

Na hasemi kulia wala kushoto. Anatutazama usoni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwetu, na hapo ndipo madarasa mengi huvurugika. Yeye husema "upande wa migomba" na "upande wa darasa la saba". Migomba haigeuki ukigeuka. Wageni na wadhaifu huwapanga katikati, wala hawaweki nyuma kama wengine wafanyavyo kwa kudhani wanawasitiri. Aliye nyuma haoni kitu, na siku mtakapogeuka yeye ndiye atakuwa mbele, hana wa kumtazama.

Mambo ya afya anayasimamia bila kelele. Anawauliza watu swali katikati ya zoezi: mtu anapaswa aweze kujibu kwa sentensi, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba anacheza mchezo, akishindwa kujibu amezidisha. Mwisho hakubali mtu asimame ghafula. Tunarudi nyumbani, ngoma ikipungua, kwa dakika kadhaa, maana damu iliyokuwa ikisukumwa na misuli ya miguu ikikaa huko chini kichwa hupata kizunguzungu, hasa kwa mtu anayetumia dawa za presha. Dada huja na ndizi mbivu ndani ya kitambaa kwa sababu ya sukari kushuka, na kila anaporudi nyumbani anavua viatu na kukagua nyayo zake kama alivyofundishwa na muuguzi. Mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilisikie.

Nilipomuuliza Mwalimu amejifunza wapi haya, alicheka akasema amejifunza kwa kuharibu. Lakini kazi hii ina historia yake, na si mbaya kuigusa. Neno aerobiki lilienezwa na daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1968. Yeye alikuwa akisema habari za kukimbia, kuogelea na baiskeli, mambo yanayoufanya moyo na mapafu yapeleke oksijeni kwenye misuli kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata mcheza dansi Jacki Sorensen akayatia muziki na hatua. Mwaka 1982 kaseti ya video ya mcheza sinema Jane Fonda ikayaingiza majumbani. Kaseti ilifika mbali, lakini ilikuwa na kilema kimoja: haimwoni mwanafunzi. Nadhani walimu wengi waliojifunzia kwenye kaseti walikirithi kilema hicho.

Mimi, kama mtu wa redio, navutwa zaidi na Wajapani. Novemba 1928 redio yao, NHK, ilianza kutangaza mazoezi ya viungo. Wazo walilitoa Marekani, ambako kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikuwa ikifanya hivyo redioni tangu 1925. (Kampuni ya bima ya maisha ina sababu zake za kukutakia uzima.) Baada ya vita yalisimama, yakaanza upya mwaka 1951, na hadi leo, saa 12 na nusu asubuhi, sauti na piano hutoka redioni, na watoto, makarani na wazee hunyoosha mikono pamoja. Mwaka 1999 waliongeza mfululizo mwingine ambao hata aliyekaa kwenye kiti anaweza kuufanya. Hebu fikirini: kufundisha hatua kwa sauti peke yake, watu usiowaona, na kila mtu aweze. Inalazimu hatua ziwe chache, ziwe na majina yanayoeleweka, na zitangazwe mapema. Nilimsimulia Mwalimu habari hiyo, akaniuliza mbona redio yetu haifanyi. Nikabaki naangalia migomba.

Kwetu sisi tulio wengi, kufundishwa hatua kwa pamoja kulikuja kwa njia ya halaiki. Waliosoma shule za msingi wanaikumbuka: mamia ya watoto uwanjani siku ya sherehe ya taifa, nguo za rangi moja, wanaandika maneno kwa miili yao. Ni kazi nzuri, na aliyeiona hawezi kuisahau. Mimi nilichaguliwa nikiwa darasa la tano. Juma la pili mwalimu mmoja alipita kwenye mstari, akanishika bega, akasema, "Wewe kakae chini ya mwembe." Nilikaa chini ya mwembe na wenzangu wanne mpaka sherehe zikapita. Simlaumu. Halaiki ni ya kutazamwa, na mtu mmoja akikosea kiongozi jukwaani anaona. Lakini halaiki na darasa la mazoezi ni vitu viwili, na nadhani tumevichanganya. Tunalipima darasa la mazoezi kwa uzuri wake, kana kwamba kuna mtu jukwaani.

Katika ngoma ya mdumange, ambayo ni yetu Wasambaa, sikumbuki mtu aliyeambiwa akakae chini ya mwembe. Utotoni tuliingia kwa nyuma, tukakosea mpaka tukaacha kukosea.

Nayasema haya kwa kuwa kuna jambo limetokea Zirai. Mwalimu amepata ujumbe kutoka ofisi moja huko chini, kwamba kundi lake limesifiwa na linatakiwa kwenye bonanza moja la michezo. Lete watu 24, vijana, fulana zitatolewa. Waliomwandikia nadhani hawakuwa na nia mbaya; pengine gari lina nafasi 24, na vijana hupendeza katika picha. Mwalimu aliniletea barua hiyo jioni nikiwa nimekaa na dada kibarazani, akanisomea, akauliza, "Kaka, wewe unajua mambo ya wakubwa. Nifanye nini?"

Nilimpa jibu la mtu wa mjini. Nikamwambia apeleke hao 24, kundi lijulikane, pengine atapata spika nzuri, kisha arudi aendelee na wote. Lilikuwa jibu la busara. Dada alikuwa akishona kifungo, hakuinua macho. Akasema, "Mkishatuchambua mara moja, Jumamosi inayofuata atakuja nani? Mimi sitakuja."

Mwalimu hakusema kitu. Aliaga, akashuka na tochi yake.

Tangu siku hiyo nimerudi hapa jijini na nimekuwa nikitembea asubuhi, dakika thelathini, kabla jua halijawa kali. Mara nyingine jikoni, mke wangu akiwa ametoka, nafanya salamu na mtoni, lakini mtoni jikoni kwetu ni hatua mbili tu. Nimempigia simu mwalimu wa lile darasa la zamani nikamweleza habari za mapigo manne. Alinisikiliza kwa adabu. Sijui kama alielewa nilichokuwa nikisema, maana kwa simu hata mimi nilijisikia kama mtu aliyechanganyikiwa.

Juzi Alhamisi dada alinipigia. Mwalimu amejibu barua: watakuja 41 au hawaji, na fulana wasihangaike nazo, kila mtu atavaa alicho nacho. Jibu halijarudi. Bonanza ni juma la tatu kutoka leo. Watu wamekwisha changa pesa za lori, endapo wataitwa, na mzee wa fimbo ametoa mkungu wa ndizi uuzwe. Nikamwuliza dada, na wakikataliwa? Akasema Jumamosi ni Jumamosi, watakuwa uwanjani kwao.

Kisha akaniomba nimtafutie raba huku jijini. Nyeupe, namba 38, za kitambaa, zisibane vidole.